Land Rover ya babu: pesa zako zitie chini kwanza

Msomaji wa Konde, Pemba, ameniandikia hivi: "Fundi, shikamoo. Babu ameniachia Land Rover pikapu ndefu, Series III ya petroli. Imekaa bandani miaka mingi bila kuwashwa. Nataka niifanye gari ya kupita njia mbovu: mashambani kwetu wakati wa masika, msitu wa Ngezi, mpaka Ras Kigomasha, na Mungu akijaalia nichukue na wageni. Rafiki yangu wa Dar es Salaam ananambia nitoe injini nitie ya Land Cruiser, niinyanyue inchi nne, nitie na tairi za inchi 35. Pesa zangu si nyingi. Nianze wapi?"

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu babu. Rafiki yako hakusema uongo. Gari aliyokueleza ipo, na huko bara kwenye nafasi na majabali inafanya kazi yake. Lakini wewe uko Pemba. Kisiwa chako hakifiki kilomita 70 toka ncha hadi ncha, njia za mashamba ni nyembamba, udongo unateleza, na bahari iko karibu kila unapogeukia. Gari ya hapo inatakiwa iwe nyepesi, iende polepole, isiwe na kutu. Yale matatu aliyokutajia yote yanaiongeza uzito au kimo, yote yanakula pesa, na hakuna hata moja linalogusa kutu. Jibu langu fupi ni hili: injini iache kama inafufuka, kimo kiache, na pesa zitie chini ya gari.

Tuanze huko chini, maana ndiko watu wengi wasikotaka kutizama.

Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985. Hiyo ndefu yako huitwa 109 kwa sababu baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma pana inchi 109, yaani mita 2.77 hivi. Mabati ya bodi ni aluminiamu, ndiyo maana mtu akiiona Land Rover iliyolala bandani miaka husema gari hizi haziliwi na kutu. Zinaliwa, tena vibaya. Chesisi yake, yaani uti wa mgongo unaobeba gari nzima, ni ya chuma, imeundwa kwa bamba zilizochomewa zikawa boksi refu lenye uwazi ndani, na bamba zenyewe ni nyembamba, milimita mbili hivi. Matope na maji ya chumvi yakishaingia mle hayaonekani na hayatoki. Chuma kinaliwa kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo ukiona tundu kwa nje ujue ndani pameshakwisha zamani.

Ipandishe gari juu ya magogo imara. Jeki ni ya kunyanyulia tu, si ya kulala chini yake. Osha chini yote, acha ikauke, halafu chukua nyundo ndogo uigonge chesisi kwa urefu wake, shubiri kwa shubiri. Chuma kizima kinalia. Kilichokufa kinajibu kwa sauti butu. Panapojibu vibaya, sukuma bisibisi kwa nguvu, na ikipenya piga alama ya chaki. Usiogope kutoboa. Tundu unalolitoboa leo bandani ni bora kuliko lile litakalojitoboa lenyewe gari ikiwa na watu bondeni.

Anzia nyuma kabisa, kwenye ule mhimili wa kukingama unaofungiwa ndoano ya kuvutia. Huo ndio hufa mwanzo, kwa sababu magurudumu ya nyuma yanaurushia matope kila siku. Fuata mikono midogo inayotokeza ubavuni kushikilia bodi na tangi. Kisha masikio yanayoshika springi, yote manane, na mwisho zile pembe mbili za mbele zinazobeba bampa. Ukishamaliza chesisi, ingia ndani, toa mazulia, utizame ule ukuta wa chuma ulio baina ya injini na miguu ya dereva. Nao si aluminiamu. Huliwa pale miguu inapokaa na chini ya nguzo za milango, na mlango usiofunga vizuri aghalabu ni habari ya nguzo hiyo, wala si ya kitasa.

Alama za chaki zikiwa kwenye mikono, mhimili wa nyuma na sakafu ya miguu, unayo gari; hizo ni kazi za fundi wa kuchomea yeyote mwenye subira. Zikiwa kwenye boksi lenyewe kubwa, pande zote mbili, hapo springi zinapofungwa, simamisha kazi ufanye hesabu kabla hujanunua hata plagi. Uingereza mpaka leo wapo wanaounda chesisi mpya za Series zilizochovywa zinki, lakini ukijumlisha bei, meli na ushuru, huenda ukakuta ni nafuu kutafuta Land Rover nyingine iliyokufa injini yenye chesisi nzima, kisha ukaunganisha mbili kupata moja.

Fundi wa kuchomea umpe masharti. Asibandike kiraka juu ya kutu. Akate mpaka akutane na chuma kinachong'aa. Kiraka kiwe bamba la milimita tatu, si bati la pipa. Kabla hajakata mahali pakubwa achomee kwanza vyuma vya kushikilia, maana chesisi ikipinda gari itakwenda upande kama kaa na hakuna fundi wa magurudumu atakayeiweza. Betri itolewe, na tangi la petroli, ambalo kwenye pikapu yako liko chini ya kiti cha mbele, litolewe lipelekwe mbali kabisa. Tangi tupu ndilo la hatari zaidi, kwa sababu limejaa mvuke.

Kazi ikiisha, toboa au zibua matundu ya kutokea maji chini ya boksi, paka redi oksaidi (rangi nyekundu ya kuzuia kutu) na rangi ya kawaida kwa nje, halafu ndani pulizia grisi iliyoyeyushwa pamoja na oili nzito ya gia mpaka ianze kudondoka kwenye matundu. Rudia kila mwaka kabla ya masika. Wapo wanaotumia oili chafu ya injini. Inasaidia kiasi, lakini inadondoka shambani kwenu, na kisima hakiko mbali.

Kuna ugonjwa wa pili ambao sisi wa visiwani tunaujua kuliko watu wa bara. Aluminiamu ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe na rangi kuvimba pale mabati yanapofungwa kwenye chuma: ukingoni mwa milango, chini ya bodi ya nyuma, kuzunguka bolti. Dawa yake ni kuzitenganisha. Paka rangi pande zote mbili kabla ya kufunga, na katikati tia vipande vya tyubu kuukuu ya gari. Bolti za stenilesi zinavutia kwa kung'aa, lakini zikipigwa moja kwa moja kwenye aluminiamu bila ya mpira zinaharakisha ugonjwa ule ule.

Sasa injini. Yako ni ya sentimita za ujazo 2286, watu huiita ya lita mbili na robo, na nguvu zake ni za farasi 70 hivi. Vijana hucheka wakisikia 70. Kabla hujacheka nawe, ifufue kwanza.

Usiende na betri ukaipiga stata. Injini iliyolala miaka ringi zake zimeshikana na kuta za silinda, na stata inaweza kuzivunja. Fungua plagi zote nne, mimina oili nyepesi kidogo katika kila silinda, iache inywe siku kadhaa, halafu izungushe kwa hendeli. Babu alijua kuitumia. Mbele pana tundu lake. Ikizunguka laini na ukasikia pumzi ikitoka kwenye matundu ya plagi, shukuru. Ikigoma, ongeza oili usubiri tena, usiilazimishe. Ikishazunguka, mwaga petroli yote ya zamani iliyogeuka gundi, osha tangi, fungua kabureta uisafishe vijitundu vyake, badilisha oili na maji, safisha pointi za distribyuta. Injini hii haina kompyuta wala sensa. Inataka petroli, cheche na pumzi, na kila kimoja unaweza kukipima kwa mkono. Hedi, yaani kichwa cha injini, ikifunguliwa, mwambie fundi atizame viti vya valvu za moshi. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu mwanzoni mwa 2006, na risasi ile ndiyo iliyokuwa ikivilinda viti laini. Vikiwa vimezama, atie vipya vya chuma kigumu.

Kwa nini nisikubali injini ya Land Cruiser? Ile 1HZ ya lita 4.2 ni injini nzuri mno, sina neno nayo. Lakini ni silinda sita, ndefu na nzito, na msokoto wake, yaani nguvu ya kuzungusha, unazidi mara moja na nusu ule ambao giaboksi yako iliundwa kuubeba. Ukiitia, itavunja giaboksi. Utatia giaboksi ya Toyota, nayo itataka propela nyingine, ule mtaimbo unaopeleka mzunguko kwenye ekseli. Kisha ekseli za mbele zitaanza kukatika. Mwisho utakuwa na Land Cruiser iliyovaa bodi ya babu, na pesa yake ungenunulia Land Cruiser kamili. Ikiwa kweli bloku imepasuka au kranki haifai tena, hapo tutazungumza dizeli, na mimi ningetizama injini ambazo daladala za Hiace zimetufundisha: 3L ya lita 2.8 na jamaa zake. Spea zake huzipati kwa kuagiza nje, ziko madukani, na fundi wa kuzijua hakosekani Chake Chake wala Wete. Kazi iko kwenye bamba la kuunganishia injini na giaboksi. Mpe fundi wa kereza, asiwe wa kukadiria kwa macho. Kitovu cha kranki na kitovu cha shafti ya giaboksi lazima vikae mstari mmoja; vikipishana hata kidogo beringi ya mbele itaanza kulia, na klachi haitakaa sawa hata ukiibadilisha mara ngapi.

Nguvu ya gari ya njia mbovu haimo kwenye injini hata hivyo. Imo kwenye gia, na hapo babu amekuachia utajiri. Fanya hesabu na mimi. Gia yako ya kwanza ni 3.68, boksi ya transfa, ile ndogo ya nyuma ya giaboksi inayochagua gia za juu au za chini, ikiwa chini ni 2.35, na difu, yaani gia za katikati ya ekseli, ni 4.7. Zidisha zote unapata 40 na ushei: injini huzunguka mara 40 ili gurudumu lizunguke mara moja. Tairi ya 7.50-16 ina mzingo wa mita mbili na nusu hivi. Injini ikinguruma taratibu kwa mizunguko 700 kwa dakika, gari inakwenda kilomita mbili na nusu kwa saa. Mtu wa miguu anakupita na anakuamkia. Kwa mwendo huo unaona kila mzizi na kila shimo, gurudumu linapanda bila ya kuruka, na hakuna kinachokatika. Gari nyingi huharibika njia mbovu kwa sababu dereva hana gia ya kutosha, akaamua kuzivamia kwa kasi.

Sasa tia tairi ya inchi 35. Kimo chake kinazidi cha 7.50-16 kwa asilimia 10 hivi, kwa hiyo umejipunguzia gia kwa kiasi hicho hicho, umezipa breki kazi zaidi, na umeziongezea mzigo hafu shafti, vile vyuma vya ndani ya ekseli vinavyozungusha magurudumu. Tena utalazimika kukata mabati ya bodi ili zisikwaruze. Yote hayo kwa kupata sentimita nne chini ya ekseli.

Unazo fimbo mbili za kukumbuka. Kirungu cha manjano kikisukumwa chini kinaunga magurudumu ya mbele kwenye gia za juu. Fimbo nyekundu ikivutwa nyuma inaleta gia za chini, na magurudumu ya mbele yanaunga yenyewe. Vuta nyekundu gari ikiwa imesimama, na kabla hujaingia kwenye tope; ukishazama umechelewa. Kwenye lami usiunge mbele hata siku moja, maana gari hii haina difu ya kati na itajikaza mpaka kitu kivunjike. Ikiwa babu alifunga habu za kufungua kwa mkono, vile vitovu vya magurudumu ya mbele vinavyoyaunga au kuyaachia, zizungushe kwenye kufunga kabla hujatoka nyumbani msimu wa mvua. Nimeona watu wakisukumana kwenye matope saa nzima, kumbe gari inavuta nyuma tu.

Tairi, basi, chukua 7.50-16 zenye meno makubwa. Ni nyembamba, na wembamba huo ndio unaoutaka. Njia za mikarafuu upande wa magharibi zina udongo mwekundu ulio laini juu na mgumu chini. Tairi nyembamba inakata mpaka ikakanyaga pagumu, ile pana inaelea juu na kuteleza hadi mtaroni. Ukienda mashariki, Micheweni kwenye maweni, adui ni jiwe la matumbawe linalochana ubavu wa tairi, kwa hiyo nunua zenye tabaka nyingi, za gari ya mzigo. Saizi hii huvaliwa pia na malori madogo aina ya Canter, hutahangaika kuitafuta.

Upepo ubadilishe kwa ardhi. Barabarani mbele tia pauni 25, nyuma 30 mpaka 36 kwa kadiri ya mzigo. Kwenye tope shusha kidogo. Kwenye mchanga shusha mpaka 18 hivi, lakini kwa tairi za tyubu usiende chini sana, kwani tairi inazunguka kwenye rimu na kung'oa mdomo wa tyubu. Ukishatoka, tia upepo tena kabla ya kukanyaga lami. Pampu ya mguu na kipimo chake ndivyo vitu vya kwanza kuvinunua. Ni rahisi na vinafanya kazi kuliko mapambo yote.

Kuhusu kuinyanyua: gari ya zamani iliyolala huwa imeshuka. Fungua springi, tenganisha vile vyuma bapa kimoja kimoja, piga brashi ya waya, paka grisi, badilisha bushi zote na yubolti, funga upya. Chuma kilichokatika au kilichonyooka badilisha. Mara nyingi gari inarudi kimo chake na unaona kama imenyanyuliwa. Zaidi ya hapo inchi mbili ni mwisho. Inchi nne zinaipinda propela pembe ambayo misalaba yake, yaani viungo vya ncha zake, haiipendi, zinavuta mipira ya breki, na zinapandisha uzito juu. Njia zenu nyingi hupita ubavuni mwa vilima, gurudumu moja juu moja chini. Hapo gari ndefu kwenda juu inalala ubavu, na pikapu yenye magunia ya karafuu italala upesi zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke keria ya chuma juu ya paa.

Ekseli ya nyuma ina jambo moja la kukagua leo hii. Series III ndefu karibu zote zilitoka na ekseli nzito inayoitwa Salisbury, lakini mafundi wetu wamebadilishana vitu miaka mingi. Lala nyuma ya gari utizame tumbo la difu. Likiwa na kifuniko kilichofungwa kwa bolti kuzunguka, ndiyo yenyewe, na hutaivunja. Likiwa laini kwa nyuma bila ya bolti, ni ile nyepesi ya gari fupi, ambayo hafu shafti zake hukatika mtu akiachia klachi kwa papara gurudumu likiwa limebanwa. Haikatazi safari, ila hafu shafti ya akiba iwe nyuma ya kiti na mguu wako uwe na adabu.

Mbele, tizama zile tufe za chuma zinazogeukia magurudumu. Kutu ikishazichimba, oili inavuja na matope yanaingia. Tufe mpya ni ghali. Zilizochimbika kidogo zisugue, badilisha sili, na badala ya oili tia grisi laini, itakaa.

Breki zitangulie kila kitu kinachoonekana. Gari yako ina breki za drami pande zote, na silinda za magurudumu zilizolala miaka zimeshikana, usijidanganye kwamba "zinakamata kidogo". Badilisha zote, mipira yote, na paipu za chuma ng'oa utie za shaba yenye nikeli, ambazo chumvi haizili. Ukivuka maji drami zinajaa na hazikamati. Zikanyage kidogo kidogo ukiwa unakwenda taratibu mpaka zikauke.

Tukizungumzia maji, chini ya kifuniko cha klachi pana tundu dogo la kutolea oili inayovuja, na kizibo chake cha nati aghalabu hufungwa pembeni hapo hapo. Kwenye maji marefu kizibo hicho kinafungwa kwenye tundu, ukirudi unakitoa. Wengi hawajui kipo. Vipumulio vya ekseli na giaboksi vivutie mipira mpaka juu karibu na injini, maana ekseli ya moto ikizama kwenye maji baridi inayavuta ndani, na oili ya difu inageuka kama maziwa. Distribyuta na waya za plagi zifunike kwa mpira. Hayo ni maji ya mvua. Maji ya bahari usiyaingie kwa hali yoyote, hata yawe kifundo cha mguu, hata wageni wakuombe kwa ajili ya picha. Na ukipita kwenye tope la mikoko kwa dharura, siku hiyo hiyo uoshe chini kwa maji yasiyo na chumvi.

Umeme wa gari hii ni mdogo na hauna maneno mengi. Ng'oa waya zote zilizofungwa kwa utepe na kubahatisha, vuta mpya, kila taa na fyuzi yake. Waya wa ardhi utoke kwenye betri hadi chesisi, na mwingine toka injini hadi chesisi. Usitegemee mabati ya bodi kupitisha ardhi.

Kwa kujikwamua, winchi ya umeme inaweza kungoja. Nunua winchi ya mkono ya waya, jembe, panga, mbao mbili nene za kutia chini ya magurudumu, jeki ndefu na ubao wa kuitandikia ili isizame. Waya ufunge kwenye mnazi kwa mkanda mpana, chini kabisa karibu na mizizi. Usifunge kwenye mkarafuu. Mti wake ni mwepesi kuvunjika, na juu ya hapo ni mali ya mtu. Ukiuchubua utalipa kwa miaka ambayo ungezaa. Waya ukikaza, kila mtu asimame mbali, na juu yake tupia gunia au koti zito, ili ukikatika usiruke.

Bodi ya nyuma usiipeleke kwa fundi wa chuma. Nenda kwa seremala, mmoja wa wale waliounda bodi za chai maharage, yale magari ya abiria ya zamani yenye bodi za mbao. Mbao ni nyepesi kuliko chuma, hazina kutu, na ikivunjika moja unabadilisha moja. Mwambie aache nafasi za kupitisha maji na asipigilie mbao moja kwa moja kwenye chesisi bila ya mpira kati. Abiria wakae wakitizamana ndani ya bodi, chini kadiri iwezekanavyo. Wakiwa ni watu wa kulipa, tia mikanda na fremu ya kuwakinga gari ikipinduka, iliyofungwa kwenye chesisi na si kwenye mabati. Fremu hiyo isiwe ya bomba la maji. Bomba la maji lina mshono, na siku ya kupinduka ndipo mshono unapofunguka.

Ngezi ni msitu wa hifadhi. Unapita kwa njia iliyopo, unalipa na kuripoti pale getini, huchongi njia yako, na ikiwa pana gogo limelala unawaambia walinzi, hulikati mwenyewe. Ukitokeza upande wa pili, Makangale na kuelekea Kigomasha, mchanga wa Vumawimbi utakuita. Acha gari juu penye miti mshuke kwa miguu. Kasa hutaga kwenye fukwe zetu, mayai yake yako chini ya mchanga usioonyesha kitu, na tairi moja inatosha kuyamaliza. Mgeni aliyekuja kutizama popo wa Pemba hatakasirika kutembea hatua mia mbili.

Karatasi zishughulikie kabla ya kufungua nati ya kwanza. Nambari ya chesisi imegongwa kwenye chuma. Ilinganishe na ya kwenye kadi ya gari, na umwambie fundi wa kuchomea asiiguse. Kadi bado ina jina la babu, kwa hiyo mambo ya mirathi yamalizwe na wenye haki wote waridhie, wajomba na mashangazi pia. Ukibadilisha injini, nambari mpya lazima iingizwe. Na kibali cha kuchukua wageni kwa malipo ni jambo la peke yake, pamoja na bima yake. Bima ya gari ya nyumbani haimlindi mtu aliyelipa nauli.

Mvua za vuli zikiisha, udongo ukakauka, ndipo uipandishe kwenye magogo uigonge. Nipigie picha mbili unitumie: moja ya tumbo la difu ya nyuma, na moja ya chesisi nzima kutoka ubavuni ikiwa na alama zake za chaki. Nikiziona nitakwambia kama unatengeneza hiyo au tunatafuta nyingine ya kuunganisha nayo.